Miti ya mtaani inanyauka mwaka wa tatu, na maji inapata: tatizo ni nini?

SWALI: Kikundi chetu cha kujitolea kinapanda miti kandokando ya barabara za mtaa. Mwaka wa kwanza inastawi vizuri. Ikifika mwaka wa tatu majani yanakuwa madogo na ya njano, vitawi vya kileleni vinakauka, na mingine inaegemea hata kwa upepo mdogo. Tunamwagilia, mbolea tumeweka, dawa tumepiga, nafuu hakuna. Pia tumearifiwa kwamba mtaro wa bomba la maji utapita karibu na mti mkubwa wa miaka mingi tunaoulinda. Tudai nini? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Ndugu Katibu, mti unaostawi mwaka mmoja au miwili kisha ukaanza kufa kuanzia kileleni hunifanya nishuku kwanza kina ulichopandwa. Dawa na mbolea ziwekeni kando kwa sasa. Chagueni mti mmoja ulio dhaifu, mpige magoti, mtazame shina linavyoingia ardhini. Mti uliopandwa sawasawa hutanuka pale chini, na mizizi mikubwa huonekana ikianza kugawanyika usawa wa ardhi. Kama shina limezama limenyooka vilevile, kama nguzo ya umeme, basi shingo yake, yaani pale shina linapokutana na mizizi, imefukiwa.

Fukueni polepole kwa mikono au kijiti, si kwa jembe, maana gome la hapo hujeruhiwa upesi. Yaelekea mtakuta gome lililolowa, jeusijeusi, linalobanduka kwa kucha. Juu yake mtaona vijizizi vyembamba vilivyoota kutafuta hewa, na pengine mzizi mmoja mnene uliolizunguka shina. Huo mzunguko ndio hatari yenyewe. Shina linanenepa, mzizi nao unanenepa, vinabanana. Chakula kinachotengenezwa na majani husafiri kwenda chini katika tabaka lililo nyuma ya gome tu. Tabaka hilo likibanwa mizizi inakosa chakula, na mizizi dhaifu haiwezi kupandisha maji hadi kileleni. Ndiyo maana mnamwagilia na mti bado una dalili za kiu.

Kosa hili mara nyingi huanzia kitaluni. Mche ukihamishwa kutoka mfuko mdogo kwenda mkubwa huongezewa udongo juu, shingo inazama, na nyinyi mkipima kina kwa kufuata uso wa udongo wa mfuko mnazidi kuizamisha. Kisha shimo huchimbwa refu, chini hujazwa udongo laini, na baada ya mvua chache mti unashuka nao. Mwisho anakuja mtu mwenye nia njema analundika matandazo, yaani nyasi na majani makavu ya kufunika udongo, kuzunguka shina.

Kwa miti iliyopo, ondoeni udongo hadi mizizi mikubwa ya kwanza ionekane, muache kisahani kipana kisichotuamisha maji. Mizizi membamba inayozunguka shina ikateni kwa mkasi safi. Ule ulio mnene, au uliokwisha kuzama ndani ya gome, mwiteni mtaalamu wa miti, kwa sababu kuukata kwa pupa kunaweza kuondoa mzizi ambao mti unautegemea. Miti ambayo haijamaliza mwaka ni rahisi zaidi: ing'oeni na donge lake la udongo na mizizi, mwipande upya.

Safari ijayo, itafuteni shingo ndani ya mfuko kabla ya kuchimba. Shimo lisizidi kimo kutoka shingoni hadi chini ya donge. Upana ndio uwe mara mbili au tatu ya donge, kwa kuwa mizizi ya miti hutawanyika zaidi kwa upana na mingi hukaa kwenye sentimita 60 za juu. Mizizi iliyojiviringa kwenye ukuta wa mfuko ikateni au mwinyooshe. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10 yanatosha, yakae mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja. Vigingi na kamba viondolewe baada ya mwaka, kwa maana shina linaloyumba kidogo hujijenga likawa imara, na kamba iliyosahaulika hukata gome. Na kuhusu maji, kikombe kila jioni hulowesha vumbi la juu tu. Mwagieni kwa wingi na polepole mara moja au mbili kwa wiki, kisha mchokoe udongo kuona unyevu umefika wapi.

Hukuuliza kuhusu wafadhili, lakini nitalisema kwa sababu linaua miti mingi: ripoti za vikundi huhesabu mashimo yaliyofukiwa siku ya kupiga picha. Ombeni fedha za miaka mitatu ya matunzo, na mhesabu miti iliyo hai. Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti ya Kenya iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, iliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, na naona busara kubwa katika utaratibu huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikagua miti michanga zaidi ya 13,000 ya barabarani mjini New York. Takriban robo tatu ilikutwa hai, na ile yenye dalili za kutunzwa na wakazi ilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi. Kwa hiyo kila mti uwe na mtu wake anayejulikana.

Sasa mtaro. Pimeni mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.5, mgawanye kwa 3.14 mpate kipenyo, kisha mzidishe kwa 12. Hicho ndicho kipimo cha kiwango cha Uingereza, BS 5837, cha nusu kipenyo cha eneo la mizizi linalopaswa kulindwa. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50, hivyo eneo lake linafika mita 6 kila upande. Dai la kwanza ni mtaro uhamishwe nje ya hapo. Ikishindikana, bomba lipitishwe chini ya mizizi kwa kutoboa, au pachimbwe kwa mikono, na mizizi inayozidi kipenyo cha milimita 25 isikatwe bila idhini ya mtaalamu. Dai la pili, ambalo wengi hulisahau, ni uzio kabla mashine hazijafika. Magari na malundo ya kokoto hushindilia udongo na kuuondolea hewa, na mti unaweza kuchukua miaka kadhaa kuonyesha madhara, wakati mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka. Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba wa kazi. Ahadi ya mdomo msimamizi akibadilishwa huondoka naye.

Mkikuta mizizi imekwisha kuchanwa na mashine, ikateni upya kwa msumeno mpaka pawe na mkato safi, msipake rangi wala lami, mfunike kwa magunia yaliyoloweshwa, na mtaro ufukiwe siku hiyohiyo.