Mafuta ya karoti, nazi na ndimu badala ya losheni ya jua kwa mtoto mwenye ualbino

Dada uliyeuliza kama unaweza kuacha losheni ya jua ya kliniki umpake mwanao mwenye ualbino mchanganyiko wa karoti, nazi na ndimu: nakuomba usiiache. Na hiyo ndimu iondoe leo hii.

Ndimu imeniunguza mimi mwenyewe. Nalima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Wakati wa bamvua maji hupwa asubuhi, saa nne tumeshainama tunafunga mbegu kwenye kamba, jua mgongoni na mng'ao wa maji usoni. Siku moja nilikata na kukamua ndimu za achari alfajiri, nikanawa harakaharaka, nikashuka pwani. Siku ile sikuhisi kitu. Kesho yake jioni mikono ikaanza kuwaka, mara malengelenge, kisha madoa meusi yaliyokaa miezi. Nikasingizia mwani. Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: ulishika ndimu? Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali iitwayo furanokumarini, na mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya UVA, ikiikuta kwenye ngozi inageuka sumu ya kuunguza seli. Sasa fikiria uso wa mtoto mwenye melanini kidogo mno, au asiye nayo kabisa, ile rangi ya ngozi inayokinga jua.

Ni kweli mimea ina kinga yake dhidi ya jua. Haiwezi kuhamia kivulini, kwa hiyo hujitengenezea kemikali za kujikinga, flavonoidi na karotenoidi, hizi za pili ndizo zinazoipa karoti rangi yake. Hata mwani mwekundu, kundi la huu tunaoulima, una aina zinazotengeneza viini vya kunyonya mionzi hii ya jua, na huko Ulaya dondoo ya mwani wa Porphyra imeshaingia kwenye vipodozi. Nilifurahi sana kujua hilo. Lakini ile imechujwa na kupimwa kiwandani. Kuusaga jikoni ukajipaka si kitu kilekile.

Karoti na nyanya mlishe, tena kwa wingi. Kuna utafiti wa Ujerumani ambapo watu walikula gramu 40 za nyanya ya kopo na mafuta ya zeituni kila siku, na baada ya wiki 10 wekundu wa kuungua ulipungua kwa takriban 40%. Ni kitu, ila ni kidogo: losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ikipakwa vya kutosha huzuia karibu 97% ya UVB, mionzi ya jua inayobabua ngozi. Mafuta ya nazi, hata ukifuata vipimo vya maabara vilivyoyapendelea, yaliishia SPF 7 hivi. Liwa, ule unga wa mti wa kunukia unaopakwa usoni, naipenda, bibi yangu aliipaka na mimi naipaka, ikikauka inakuwa utando, lakini jasho na maji ya chumvi huiondoa kabla sijamaliza kamba ya pili.

Ulizia kliniki yenu kuhusu Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mpake nusu saa kabla hajatoka, arudie kila saa mbili, masikio na shingo usivisahau. Juu yake shati la mikono mirefu na pama pana, maana nguo haioshwi na jasho. Mafuta ya nazi mpake usiku ngozi ilainike.

Na ukiona kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi mzima, usilipake chochote cha nyumbani. Mpeleke akaonekane wiki hiyohiyo.