Usiugawe Uso Vipande Viwili

Picha ya kwanza niliyojichora ilikuwa kama bendera. Upande wa kushoto niliweka kiondo na kitenge kwa ajili ya mama, Mkamba wa Kangundo. Upande wa kulia kurta, lile shati refu la Kihindi, ya baba, aliyezaliwa Ngara, Nairobi, katika familia ya Wagujarati. Katikati nikapitisha mstari kutoka utosini hadi kidevuni. Mama akaitazama weee, kisha akauliza, "Sasa huyu ni wewe ama ni ramani?"

Nikaigeuza ikatazama ukuta. Hadi leo vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora nyuso za watu wa damu mchanganyiko huanza na mstari uleule. Achana nao. Hakuna anayekuwa Mkamba hadi saa sita, halafu Mhindi hadi jioni.

Anzia kwenye rangi. Ile tyubu iliyoandikwa rangi ya mwili ifiche: ukiikamua inatoka waridi, sasa huo ni mwili wa nani? Nyeusi ya tyubu nayo iweke kando, maana huifanya ngozi ifanane na makaa yaliyomwagiwa maji. Mimi huchanganya sienna iliyochomwa, ile kahawia nyekundu, na buluu nzito ya altramarini mpaka nipate weusi wenye uhai, kisha naupasha kwa ocha, manjano ya udongo. Nilipomchora mama, mkono peke yake ulinila michanganyiko saba. Kwenye vifundo vya vidole palikuwa na zambarau, kiganjani rangi ya chai ya maziwa. Na shingoni kijani, kwa sababu alikaa jikoni na ukuta wa jikoni ni wa kijani. Mabati huakisi, hata rangi ya leso humpandia mtu kidevuni. Kwa hiyo huwezi kusema mtu ni mweusi kiasi gani kabla hujajua ameketi wapi, saa ngapi. Mkalishe karibu na dirisha saa tatu asubuhi. Jua letu la saa sita humchimbia mtu mashimo mahali pa macho.

Wapo walioikwepa hesabu hii. Amy Sherald wa Marekani huchora ngozi za watu weusi kwa kijivu, na ndivyo alivyomchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa 2018. Namheshimu, ila mimi ningekosa raha ya ile zambarau. Wa kwetu ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, mama Mkenya na baba Mwingereza. Yeye huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, ambacho Waganda huzikia wafu wao. Kina matundu na mishono, naye haifichi. Picha yake itazame kwa karibu ukiipata.

Kabla ya kushika brashi, muulize anayechorwa anajiitaje. Kwenye matatu mimi nimeitwa pointi, yaani chotara, nimeitwa Mhindi, na Mwarabu siku nilizofuga ndevu. Julai 2017, serikali ilipowatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44, baba alicheka: "Kumbe ndiyo nazaliwa!" Nilimchora mwaka huo. Kurta niliyomletea aliikataa, akaketi na sweta yake ya karakana yenye doa la grisi kifuani. Sijachora picha nzuri kuliko ile.

Habari ya pesa: kuna mteja aliyenirudishia picha ya bintiye akidai nimemfanya "mweusi mno". Nusu ya malipo sikuiona tena. Siku hizi hupaka michanganyiko kwenye kipande cha kadibodi, nakishika karibu na shavu la anayechorwa, na mwenye pesa akiwa hapo hapo anaangalia.

Picha ya mama iko Kangundo, juu ya redio. Mgeni akiuliza mbona shingo ni ya kijani, mama humshika mkono akampeleka jikoni.