Vyombo Vikigoma Siku ya Kupika Bia Nyumbani

Kimea kikishaingia kwenye maji ya moto, hakuna kuahirisha. Chombo kikigoma saa hiyo, jiulize kwanza: maji ya kimea yameshachemka au bado? Kama bado, unaweza kutumbukiza mwiko, waya, hata kupuliza kwa mdomo, maana mchemko wa saa nzima utaua vijidudu ulivyoingiza. Yakishapoa, tone la maji machafu tu linaweza kuharibu mpiko mzima. Vipimo vya hapa ni vya mpiko wa lita 20, kwa kilo 4.5 hivi za kimea cha shayiri.

Kinachosumbua wengi ni koki kukataa kutoa maji baada ya kimea kulowekwa. Unafungua, yanatoka kama uzi, yanakuwa matone, kisha kimya. Ama kimea kilisagwa laini mno na maganda yakawa unga, ama koki ilifunguliwa yote kwa mara moja. Maji yakikimbia hivyo huivuta nafaka chini, nayo inashindiliwa juu ya chujio kama udongo wa kufinyangia. Ukizidi kufungua, unazidi kuishindilia.

Funga koki. Inua ncha ya mpira wa kutolea juu kuliko ukingo wa sufuria, ili maji ya nyuzi 66 yasikurudie mdomoni, kisha fungua koki na upulize kwa nguvu mpaka uone viputo vikipanda katikati ya nafaka. Funga tena, koroga mpaka chini kabisa, ongeza lita 2 au 3 za maji ya nyuzi 75 hadi 78, na uache itulie dakika 10. Ukifungua sasa, fungua robo tu. Lita moja au mbili za mwanzo zitakuwa na chenga; zirudishe juu taratibu kwa kuzimiminia kwenye mgongo wa kijiko, zisichimbe shimo. Lita moja kwa dakika ni mwendo mzuri.

Ngano na mtama havina ganda la kushikilia chujio kama shayiri. Mpiko wenye nafaka hizo kwa wingi uchanganyie gramu 200 hadi 300 za maganda ya mpunga. Kwetu Afrika Mashariki maganda haya ni rahisi kupata kwenye mashine za kukoboa. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, maana yana vumbi jingi. Usichukue zile pumba laini wanazolishwa kuku: hizo ndizo zitakazoziba kabisa.

Kipimajoto kinachodanganya ni hatari zaidi, kwa kuwa hakipigi kelele. Ukiloweka kimea kwa nyuzi 64 badala ya 69 utapata bia nyingine kabisa, kavu na nyepesi. Kipime kwenye bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo: kinatakiwa kusoma 0. Kipimo cha maji yanayochemka kinahitaji uangalifu. Dar es Salaam au Mombasa utaona karibu 100, lakini Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Usitupe kipimajoto kizima. Huko juu hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, nazo hutoa uchungu pungufu kidogo, kwa hiyo ziongeze.

Sasa gesi. Mchemko umeshika vizuri, baada ya nusu saa moto unaanza kunywea, na ukiutikisa mtungi unasikia bado una gesi. Uguse: ni wa baridi, umetoka jasho, pengine una ukungu wa barafu kuanzia kina cha gesi kushuka chini. Gesi iliyo katika hali ya maji ndani ya mtungi hunyonya joto lake ili igeuke hewa, na jiko kubwa huivuta haraka kuliko mtungi wa kilo 6 unavyoweza kujipasha. Uketishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono bila kuungua, na moto utarudi baada ya muda mfupi. Maji yanayochemka au moto wa aina yoyote usivikaribishe kwenye mtungi. Mpiko ujao tumia mtungi mkubwa, wa kilo 13 au 15.

Moto ukiwa wa manjano na sufuria ikipata masizi, hewa haiingii vya kutosha. Zima, acha jiko lipoe, zibua matundu kwa sindano na uchungulie mdomo wa hewa. Buibui hupenda kujenga humo. Na upikie nje, au kwenye baraza iliyo wazi, si jikoni umefunga madirisha.

Koki inayovuja kwenye nyuzi zake za kukazia usiikaze kwa spana sufuria ikiwa ya moto. Kinga bakuli, maliza mpiko. Kesho yake ifungue na uzungushe tepu nyeupe ya mabomba mara 4 au 5, kwa mwelekeo wa mshale wa saa unapoitazama ncha ya nyuzi, isije ikajikunjua unapokaza.

Baada ya kuzima moto mambo hubadilika. Koili ya shaba ya kupozea, ile inayopitishwa maji baridi ndani yake, iingie sufuriani dakika 15 kabla ya kuzima, ichemke humo humo, na viungo vyake na mpira vibaki nje ya ukingo: kikivuja kimoja, maji ya bomba yadondoke chini, si kwenye bia. Pwani maji ya bomba yenyewe ni ya vuguvugu, kwa hiyo koili hugota kwenye nyuzi 30 na kitu hata uifungulie kwa muda wa saa mbili. Hapo itoe, funika sufuria, iketishe kwenye beseni la barafu mpaka nyuzi 20, ndipo uhamishie bia kwenye ndoo ya kuchachushia na kutia hamira.

Hopsi zikiziba koki wakati huu, usichokoe kwa waya. Jaza mpira uliotakaswa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ziba ncha moja kwa kidole kilichotakaswa, zamisha nyingine sufuriani juu ya masimbi yaliyotuama chini, kisha achia kidole ndani ya bakuli lililo chini. Maji ya mpira yakimwagika yote na rangi ya kimea kuanza kutoka, hamishia ncha kwenye ndoo ya kuchachushia.