Nilipoacha kuamka na maandazi: chakula kilivyonirudishia uchangamfu

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mtu wa kununa. Ninafundisha shule ya sekondari hapa Ujiji, Kigoma, na wanafunzi wangu walikwishajua kuwa kipindi cha saa nne asubuhi si cha kuniuliza maswali, kwa sababu nitajibu kwa ukali kisha nitaujutia ukali huo hadi jioni. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, mwili ulikuwa mzito, na hata mazungumzo ya barazani niliyokuwa nikiyapenda niliyaona mzigo.

Aliyenishtua ni mama mkubwa, ambaye huanika dagaa Kibirizi. Hakuniuliza kilichonisibu, aliniuliza tangu asubuhi nimetia nini tumboni. Nilipomhesabia, niliona aibu mwenyewe: chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili, chai nyingine wakati wa mapumziko, mchana hakuna kitu, na usiku bonge la ugali wa muhogo lenye kitoweo cha kudokolea. Alinisukuma nikapime, na majibu yakaonyesha upungufu wa damu, hali ambayo huleta uchovu na wepesi wa kukasirika kabla mtu hajajua kuwa anaumwa.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yetu. Anayeulisha sukari na unga mweupe peke yake huupandisha upesi na kuushusha upesi, na mimi mshuko wangu ulikuwa ukiangukia saa nne ileile.

Nilianza kwa kutafuta kwenye simu orodha za vyakula vya kuleta furaha, nikakutana na samaki wa bahari za baridi na matunda ambayo soko la Mwanga halijapata kuyaona. Nilipoteza wiki kadhaa nikidhani lishe bora ni ya watu wenye fedha, ilhali dagaa wetu wanaliwa wazima, na kichwa na mifupa, hivyo humpa mlaji protini, kalsiamu, chuma na vitamini B12, pamoja na mafuta ya omega-3 ambayo ubongo unayahitaji. Ninawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, hadi nikipitisha kidole chini ya bakuli nisiguse mchanga. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi kuliko walioanikwa chini, na nyongeza ya bei yao naiona halali. Kisha nawakaanga kwa kijiko kimoja cha mawese, kitunguu na nyanya, na kukamulia ndimu mwishoni. Mawese yasiunguzwe mpaka yakapoteza wekundu, kwa kuwa wekundu huo ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Wala yasimiminwe kwa ukarimu wa kwetu, maana karibu nusu yake ni mafuta mazito yasiyoufaa moyo yakizidi.

Sombe, yaani kisamvu, nayo nimeirudisha mezani, ikitwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa ili sumu ya majani ya muhogo itoke, ndipo karanga zifuate.

Sitaki kudai kwamba sufuria ni dawa ya kila huzuni. Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walitoa matokeo ya jaribio la watu 67 wenye sonona: kwa wiki 12 kundi moja lilipewa ushauri wa lishe na jingine likapewa mtu wa kuzungumza naye. Katika kundi la lishe, takriban asilimia 32 walitoka katika hali ya ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 za kundi la pili. Watu 67 ni wachache, na wengi wao tayari walikuwa kwenye matibabu. Kwa hiyo mwenye dawa asiziache kwa sababu ya dagaa, na ambaye huzuni imemkalia wiki mbili bila kuachia aende hospitali. Mimi mwenyewe nilimeza vidonge vya kuongeza damu sambamba na mlo, na ilinichukua kama miezi miwili kabla ya darasa kuanza tena kuniuliza maswali.

Mbalamwezi inapowaka, wavuvi wa taa hawaingii ziwani, dagaa huadimika na bei hupanda. Siku hizo hupika maharage ya Kasulu niliyoyaloweka usiku kucha, na pembeni mchicha wenye ndimu, kwa sababu ukali wa ndimu huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na majani, wakati chai hukizuia. Chai sijaiacha; huinywa saa nzima baada ya kula, kwa kijiko kimoja cha sukari, na mama mkubwa bado anasema hicho kimoja ni kingi.