Ile picha ya yunifomu isikudanganye dogo

Umeniuliza eti kweli Uingereza kazini hakuna ubaguzi, maana umeona ile picha weusi, weupe, Wahindi wote tunacheka. Dogo, ile picha ofisi ndo walitupanga, walikuwa wanataka ya kubandika ukutani.

Mimi nipo nyumba ya kulea wazee, shifti moja unakuta Mnaijeria, Mfilipino, Mzimbabwe, dada wa Kerala kule India na Waingereza wawili. Sheria ipo tena kali, Equality Act ya 2010, ruksa hakuna kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia, umri wala ulemavu. Kwenye karatasi safi kabisa. Ila sisi wa viza ya udhamini bosi akikutema unapewa siku 60 utafute mwajiri mwingine la sivyo ufungashe, sasa nani atafungua mdomo? Kuna bibi ana ugonjwa wa kusahau, kila asubuhi ananiambia nisimshike na mikono yangu michafu, yule namsamehe, namvalisha soksi zake maisha yanaendelea. Kinachoniuma ni rota, yaani ratiba ya zamu, usiku na wikendi ni mimi na Mzimbabwe, mwezi huu, mwezi ujao, ukiuliza unaambiwa imetokea tu.

Na mimi sio malaika. Msimamizi wangu ni huyo dada wa Kerala, miaka 27, akinielekeza naitikia ndiyo halafu nafanya ninavyojua, moyoni nasema katoto ka juzi haka. Siku moja nikamnyanyua mzee peke yangu na alishasema tuwe wawili, akaniita stoo kwenye maboksi ya nepi, hakufoka, akaniuliza tu, ningekuwa mwanaume ungenisikiliza? Nikainamisha macho kwa adabu zetu za nyumbani, kumbe huku ukimkwepa mtu macho anaona unaficha kitu. Nilikuwa mdogo kama piritoni.

Kuja usiuze kiwanja, viza ya ulezi wameshafunga kuajiri watu wapya kutoka nje tangu Julai 2025, agenti anayekwambia bado ipo anataka hela yako.

Tunachoelewana vizuri ni cha wenyewe kwa wenyewe, Krismasi naingia mimi, Mfilipino ananishikia Idi. Shida ni mwezi, mwanzoni msimamizi alikuwa ananiuliza sasa ni Jumatatu au Jumanne, namwambia dada subiri uandame, anashika kichwa. Siku hizi ananiandikia zote mbili kwa penseli.