Dawa ikipita tarehe: ipi ina nafuu, ipi ni ya kutupa leo

EXP 05/2026 kwenye pakiti maana yake dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi wa tano. Haigeuki sumu Juni mosi. Kiwanda hudhamini kwamba hadi hapo, ikiwa imefungwa na imetunzwa kama ilivyoelekezwa, nguvu yake haitapungua sana; kwa vidonge vingi kipimo ni asilimia 90 ya kiasi kilichoandikwa.

Wanaosema tarehe hizo ni biashara tu hupenda kutaja Marekani, ambako tangu 1986 akiba ya dawa za jeshi hupimwa upya. Ni kweli: katika matoleo 3,005 (mafungu yaliyotengenezwa pamoja) ya dawa 122, asilimia 88 yaliongezewa angalau mwaka mmoja. Ila zile zilikuwa hazijafunguliwa, ghalani, kwenye joto linalodhibitiwa. Kabati lililo juu ya jiko, au dashibodi ya gari, hupita nyuzi 30 kila siku, na hapo dawa huweza kufa kabla ya tarehe yake. Vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha navyo vimeshaingia hewa na unyevu. Tarehe ya kopo haivihusu tena.

Dawa za maji hazina subira. Amoksilini yenye klavulanati, antibiotiki ya unga, ikishachanganywa na maji kwa kawaida hukaa siku 7 kwenye friji, basi, hata chupa ikiandikwa mwaka kesho. Insulini nyingi zikishafunguliwa ni siku 28, na iliyoganda kwa baridi haifai hata ikiyeyuka. Matone ya macho kwa kawaida ni wiki nne: hapo tatizo ni vijidudu vinavyoingia chupani.

Parasetamo iliyopita miezi miwili, kavu, bado imo kwenye karatasi yake, haielekei kukudhuru. Huenda ikawa dhaifu. Usiongeze kidonge kufidia, maana parasetamo ikizidi huumiza ini, nalo halijui tarehe. Aspirini ikinuka siki imeshaoza. Tetrasaiklini, antibiotiki nyingine, ikiwa kuukuu itupe bila mjadala: mwaka 1963 iliripotiwa kuumiza figo za watu, na ingawa utengenezaji umebadilika, hakuna sababu ya kujaribu.

Usibahatishe kabisa na insulini, adrenalini (sindano ya mzio mkali), dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, dawa za kifafa, antibiotiki na mseto wa malaria. Mseto dhaifu hushusha homa, ukadhani umepona, kumbe vimelea vimebaki.

Za kutupa zirudishe duka la dawa au hospitali, ukiuliza kwanza kama wanapokea. Wasipopokea, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na majani ya chai yaliyotumika au udongo, funga kwenye mfuko, ndipo uweke kwenye taka. Pakiti tupu ichane. Nzima huokotwa na kujazwa tena.