Louth, Lincolnshire: kufika ni rahisi, kuzunguka ndiko kwenye kazi

Dada, umesema umepata kazi ya kuhudumia wazee majumbani Louth, unatoka London, gari huna, na unauliza ushuke stesheni gani. Louth haina stesheni. Treni za abiria zilikoma 1970. Mimi nakaa wilaya hiyohiyo ya East Lindsey, upande wa Horncastle, na huku kwetu ziliondoka mapema zaidi, 1954.

Panda treni stesheni ya King's Cross, London, hadi Doncaster, badilisha uende Grimsby Town, halafu chukua basi namba 51. Kutoka Grimsby ni kilomita 26 hivi. Atakayekwambia upitie Skegness kwa kuwa ndiyo stesheni kubwa ya wilaya, mshukuru tu. Ile treni inazungukia Sleaford na Boston, inakushusha pwani, na Louth bado iko mbali.

Sasa uliza jambo ambalo hukuuliza: saa nne usiku, mzee wa mwisho ameshalala, utarudije nyumbani?

Wilaya hii ina kilomita za mraba kama 1,760, yaani inaizidi Unguja kidogo. Lakini Unguja ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022. Huku sensa ya 2021 ilipata kama 142,000. Mabasi yatamfuata nani? Mchana yapo, mfano 56 ya Lincoln, Horncastle na Skegness, na nauli haizidi pauni 3 kwa safari moja. Jioni yanapungua mpaka yanakwisha, na Jumapili vijiji vingi havioni basi kabisa. Bodaboda sahau. Kuna CallConnect, basi dogo unalojiandikisha na kuliagiza mapema kwa simu au mtandaoni. Ni zuri sana kwa daktari na sokoni, lakini zamu ya usiku halikusaidii.

Kwa hiyo kabla hujasaini, muulize mwajiri: gari la kazi lipo? Kama halipo, atakupa wazee wa mjini unaoweza kuwafikia kwa miguu? Na muda wa kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine unalipwaje? Kisheria muda huo ni wa kazi na unahesabiwa kwenye kima cha chini cha mshahara. Safari ya kutoka kwako hadi kwa mzee wa kwanza haimo. Akianza kujikuna kichwa, umeshapata jibu.

Leseni ya nyumbani, iwe ya Tanzania au Kenya, inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uanze kuishi Uingereza, sio tangu ununue gari. Haibadilishwi moja kwa moja kama ya Zimbabwe au Afrika Kusini. Lazima uombe leseni ya anayejifunza udereva, ufanye mtihani wa nadharia kisha wa barabarani. Kama umeshakaa London miezi kadhaa, anza leo, maana foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu.

Kuendesha kwenyewe ni kushoto kama kwetu, ila vibao ni vya maili. Njia za vijijini ni nyembamba, gari moja tu, na mkikutana mmoja anarudi nyuma hadi penye upenyo. Huku trekta halina haraka, jifunze kulivumilia. Jumamosi za kiangazi ikwepe barabara ya A158, watu wote wanakimbilia Skegness. Baridi ikibana, chumvi humwagwa barabara kubwa. Vichochoro vya milimani hubaki na barafu. Postikodi moja inaweza kubeba mashamba kadhaa, kwa hiyo omba jina la nyumba na alama ya getini, tena uandike kwenye karatasi, mtandao wa simu hukatika bondeni.

Chumba chukua Louth mjini, karibu na stendi. Kijijini utaona cha bei nafuu, tena chenye bustani; kiache mpaka uwe na leseni mkononi.